Nyama Aliyoikataa

Mzee Soli alijua vitu viwili sawasawa: viatu na mke wake. Mke alikuwa na miezi kumi na mmoja kaburini. Viatu viliendelea kuja.

Jina la Soli walimpa wateja. Ukimletea kiatu, hata kama kilichokatika ni kamba tu, yeye hukigeuza kwanza akatazama chini. "Uso hudanganya," husema. "Soli haina ujanja huo." Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la vyuma, upana wa mlango uliolazwa. Ndani mlikuwa na benchi, chuma cha kugongea, kopo la misumari, gundi, uzi wa nta, na chupa ya mafuta iliyozibwa kwa kitambaa.

Asubuhi moja alikuja muuguzi wa zahanati ya kona ya juu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa miguu. Mkononi alikuwa na raba zilizobanduka mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hizi zimeachama. Zina njaa?"

"Zina mbio. Jumapili ya wiki ijayo nakimbia nazo."

"Unakimbia? Umeiba nini?"

Muuguzi akacheka. Mzee Soli akazigeuza raba, akatazama soli, akaguna. Zilikuwa na ukanda wa ngozi kisiginoni, umekauka na kuanza kupasuka. Akachukua chupa, akalowesha kitambaa, akataka kukipitisha pale.

Muuguzi akazinyakua raba kama mtu anayemtoa mtoto motoni.

"Mzee, hayo ni mafuta gani?"

"Ya kulainishia ngozi."

"Ya nini, lakini?"

"Ya karanga. Jirani yangu anakamua. Mimi ananipa mashapo, yale mazito ya chini ya pipa."

Muuguzi akarudi nyuma hatua mbili. "Nakuomba usiziguse. Nawa kwanza. Kwa sabuni."

Mzee Soli alikuwa ameambiwa mengi kwenye benchi lile. Ameambiwa anachelewesha, anabandika ovyo, gundi yake inanuka. Hilo la kunawa kabla ya kushika viatu halijawahi kumfikia. Watu wote aliowajua hunawa baada ya kushika. Kwa hiyo hakukasirika. Alitaka kujua tu. Akanawa kwa sabuni, akajifuta, akakaa.

"Haya, nimenawa. Niambie sasa."

Akamwambia. Karanga kwake ni hatari. Hata chembe. Midomo inavimba, ngozi inatoa mabaka, koo linabana. Tatizo hilo linaitwa mzio, wengine husema aleji. Si uchafu wa chakula wala si laana. Ni mwili kukosea.

"Ni kama umeajiri mlinzi," akasema, "halafu usiku mlinzi anampiga mwenye nyumba."

"Na mwizi je?"

"Mwizi hayupo. Kuna karanga tu, imekaa zake."

Mzee Soli alilipenda hilo. Akalirudia kimoyomoyo.

Muuguzi akaeleza na mbio. Kilomita tano, kutoka lango la uwanja hadi zahanati. Kila mkimbiaji atakuwa na kitambaa mgongoni, na juu yake kimeandikwa chakula kinachomdhuru yeye au mtu wake. Watu watasoma, watauliza. Wakiuliza wataambiwa. Ndiyo kazi yenyewe.

Mzee alikuwa na misumari minne mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja.

"Na nyama? Nyama ya ng'ombe nayo inaweza kumfanya mtu hivyo?"

"Inaweza, lakini ni nadra. Nani huyo?"

"Mke wangu."

"Anavimba?"

"Alikuwa."

Muuguzi aliisikia ile "alikuwa". "Pole, baba. Ilimuua nyama?"

"Hapana. Moyo. Ulichoka tu."

Akamsimulia, kwa maneno yake machache. Walipooana walikuwa na sahani moja. Wakila pamoja, kwa mkono. Katikati ya juma walikula kilichopatikana. Jumamosi fundi alikuwa akimaliza viatu vya juma zima, akivipaka mafuta, akivigawa kwa wenyewe. Halafu anapita buchani. Mkono mtupu haulambwi, alikuwa akisema. Akirudi na nyama, mkewe anaimba jikoni. Wakala. Saa haijapita, mke midomo hii, macho hayafunguki, anajikuna mpaka damu. Mara ya kwanza wakasema ni mdudu. Mara ya pili wakatazamana. Mara ya tatu mke akasema, "Mume wangu, nyama hainitaki."

Akaacha nyama. Na kwa hofu akanunua bakuli lake na kijiko chake, asichanganye na chochote cha mtu. Kuvimba kukaisha.

"Kukaisha kabisa?"

"Kabisa. Ndiyo tukajua ni nyama."

Basi kila alikokwenda alibeba bakuli na kijiko kwenye mkoba. Akikaribishwa nyama anasema sili. Watu wakasema anajisikia. Wengine wakasema anaogopa kurogwa. Yeye akicheka tu.

"Sasa na mimi niandikie kitambaa," mzee akamaliza. "Andika NYAMA. Nitakimbia."

"Wewe, baba?"

"Nitatembea kwa haraka."

Muuguzi hakucheka. Alikuwa akiitazama chupa. "Wakati huo ulikuwa ukipaka mafuta hayohayo?"

"Tangu nianze kazi."

"Na Jumamosi ulinawa vipi kabla ya kula?"

"Kama watu. Maji."

Muuguzi akamgeukia. "Baba, mimi siwezi kuapa. Hakupimwa, na sasa hawezi kupimwa. Lakini ninyi mlibadili vitu viwili kwa pamoja. Mliondoa nyama, na mkatenga bakuli. Unajuaje ni kipi kilichomponya?"

Mzee Soli alifungua kinywa. Kikabaki wazi kama zile raba.

"Mtafute mtu aliyemjua kabla hujamwoa," muuguzi akasema. "Muulize alikula nini. Halafu nitakuandikia, neno lolote utakaloniletea."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani, naye hakuwa akisema naye.

Alikuwa mdogo wa kike wa marehemu, shemeji yake, dobi wa mtaa wa nyuma ya soko. Miaka kumi na tisa iliyopita alimwoza binti yake wa pekee. Nyama alipika mwenyewe, hakumwachia mtu. Sahani ya kwanza hakumpa bwana harusi wala wakwe. Alimpelekea dada yake, kwa mikono miwili, mbele ya ukumbi mzima. Na dada akairudisha. "Sili nyama, mdogo wangu." Wakwe wakatazamana. Mmoja akauliza kwa sauti kama kuna kasoro kwenye chakula.

Toka hapo walikutana misibani tu. Hata siku ya kumzika dada yake, dobi alikuja, akasimama, akaondoka bila kuonja maji.

Mzee Soli alikuwa na tumaini moja, nalo hakumwambia mtu. Labda kwenye chungu kile mlikuwa na karanga. Watu huziponda wakatia kwenye mchuzi. Kama zilikuwemo, basi mkewe alipoikataa ile sahani aliokoka, na shemeji itabidi akubali. Jina la marehemu litakuwa safi. Kama hazikuwemo… Hilo hakulifikisha mwisho.

Lakini fundi ni fundi. Neno la muuguzi lilimkaa kama msumari uliotokeza ndani ya kiatu, ukikanyaga unaukuta. Jumamosi, baada ya kupaka viatu vyote mafuta, alichukua kipande cha karatasi ya kaki, ile anayokatia vipimo. Akaenda bombani. Akanawa kama alivyokuwa akinawa ujanani: maji, sugua, kung'uta. Mikono ikaonekana safi. Akaukandamiza mkono wa kulia kwenye karatasi, akainyanyua juu, akaitazama kwenye mwanga.

Vidole vitano. Vyote. Karatasi ilikuwa imeingia mafuta, inaangaza kama kioo cha taa.

Aliirudia mara mbili, kila mara akinawa upya. Mara ya pili vidole vitano. Mara ya tatu vinne na nusu.

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Jumatatu akafunga kibanda mapema, akaenda kwa dobi.

Chumba kilikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni. Nguo za watu zimening'inia hadi mlangoni, lazima upite umeinama. Shemeji alikuwa mezani, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu, anapiga pasi shati jeupe.

"Hodi hapa."

Alimtazama kwanza. "Karibu, shemeji. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umepotea njia."

"Sijapotea. Nina swali."

"Mwaka mzima unakatika hujui kama niko hai, leo umekuja na swali." Akamsogezea kigoda kwa mguu. "Kaa. Uliza."

"Harusi ya binti yako. Kile chungu cha nyama. Ulitia nini ndani?"

Dobi akaisimamisha pasi. "Miaka kumi na tisa, leo ndiyo unataka mapishi?"

"Nataka."

"Umeoa mwingine, siyo? Hajui kupika?"

"Shemeji."

"Nyama," akasema, akihesabu kwa vidole. "Vitunguu. Nyanya. Tangawizi. Chumvi. Moto mdogo, asubuhi mpaka saa nane."

"Na karanga?"

"Karanga za nini kwenye nyama? Mimi nyumbani kwangu hazijaingia. Kwetu mama alizipiga marufuku tangu tuko wadogo."

Mzee Soli akasogea mbele kwenye kigoda. "Kwa nini?"

"Dada alizila siku moja, mdomo ukawa kama kaumwa na nyuki. Mama akasema ni nyuki. Lakini hakuzipika tena." Dobi akatabasamu bila kutaka. "Mama akili yake ilikuwa inatangulia maneno yake. Na dada mwenyewe harufu yake tu alikuwa anakimbia."

Kweli, mkewe hakuwa akila karanga. Hakuzipenda, basi. Kitu usichokipenda hukihesabu.

"Na nyama? Utotoni?"

"Nyama!" Dobi akapiga meza. "Dada? Alikuwa anapasua mifupa kwa jiwe anyonye uboho. Tulimwita Fisi. Muulize yeyote… ah, wa kuulizwa wamekwisha. Nyama alianza kuikataa kwako, shemeji. Kaolewa na fundi, kapata makuu, anatembea na bakuli lake kama mkaguzi. Nilisema hivyo siku ile na leo nasema. Mola amrehemu, lakini nasema."

Hapo Mzee Soli angeweza kushukuru na kuondoka. Alisimama kweli. Nyama ilikuwa safi, haikuwa na karanga, na mkewe angeweza kuila akaomba na nyongeza. Shemeji alikuwa na haki ya kuumia. Asiposema, lawama itabaki pale ilipokuwa miaka yote: kwa mtu asiyeweza kujitetea.

Akakaa tena.

"Si makuu, shemeji. Ni mimi."

Akaitoa ile karatasi, akaikunjua juu ya meza ya pasi. Vidole vikaangaza.

"Huu ni mkono wangu baada ya kunawa," akasema. "Haya ni mafuta ya karanga. Ndiyo ninayopaka viatu Jumamosi. Jumamosi ndiyo nilikuwa naleta nyama. Tulikula sahani moja." Akagusa alama ya kidole gumba. "Tukaona nyama. Mkono hatukuuona."

Dobi alilitoa lile shati mezani akalikunja. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Kwa hiyo nyama yangu haikuwa na kosa."

"Haikuwa na kosa."

"Na dada hakuwa na makuu."

"Hakuwa nayo. Aliogopa."

"Na wewe ulikuwa unanawa kwa maji matupu."

"Kwa maji matupu."

Shati likakunjwa mara ya tatu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," dobi akasema polepole, kama mtu anayelisikia neno hilo mara ya kwanza. Halafu akamwonyesha mlango. "Toka, shemeji. Sijakufukuza. Lakini toka."

Akatoka, ameinama chini ya nguo za watu. Karatasi ilibaki kule.

Jumapili walikusanyika langoni kwa uwanja, kama watu mia na hamsini. Mzee Soli hakuwa amewahi kuona migongo inayosomeka. Mwenyewe hakujua kusoma, basi akawa anauliza. "Huyo kaandikwa nini?" Maziwa. "Na yule mrefu?" Mayai. "Yule mwenye mtoto begani?" Samaki, na ni wa mtoto. Alishangaa. Alidhani ni karanga na nyama tu. Kumbe kila mtu ana mlinzi wake.

Muuguzi alimfunga kitambaa kwa pini nne.

"Nisomee."

"KARANGA. Halafu chini: Kwa ajili ya mke wangu. Hatukujua."

"Tena."

Akamsomea tena.

"Vizuri," akasema.

Filimbi ikalia. Vijana wakaondoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Muuguzi akapita na raba zake, soli mpya inagonga sawasawa. Akaita, "Twende, baba!" "Tangulia. Mimi mbio zangu ziko kwenye mguu mmoja, mwingine unafuata kwa heshima."

Aliisikiliza soli ile mpaka ikapotea. Akatembea kwa haraka. Kilomita ya kwanza watu walimpita. Ya pili hakukuwa na wa kumpita tena. Hilo likamfaa, kwa maana waliosimama kando hawakuwa na mgongo mwingine wa kusoma.

"Mzee!" akaita muuza magazeti. "Hamkujua nini?"

"Kwamba ni karanga."

"Mkadhani nini?"

"Nyama."

"Karanga na nyama wapi na wapi?"

Akasimama akamweleza. Kinyozi mmoja akatoka na kitana mkononi, mteja wake nyuma yake na nusu ya nywele. Wakasikiliza. Mteja akasema yeye akila mayai ulimi unawasha, na mama yake humwambia ni deko. "Nenda zahanati kesho," Mzee Soli akasema, "waulize." Hakuwa amewahi kumwagiza mtu kwenda popote. Akaendelea na safari, mgongo umemnyooka kidogo.

Karibu na kilomita ya nne, kando ya barabara, alisimama mwanamke mnene na mkoba wake wa Jumapili. Mzee Soli alipunguza mwendo, ingawa haukuwa na cha kupunguza.

"Geuka," dobi akasema.

"Nini?"

"Geuka nisome."

Akageuka. Akasubiri. Alisikia pumzi yake, nyuma, ikisoma polepole.

"Hatukujua," akasema dobi. "Na mimi nimo humo?"

"Ukitaka."

Hakusema anataka wala hataki. Aliuhamishia mkoba bega la pili, akaingia barabarani, wakaanza kutembea sambamba. Viatu vyake vilikuwa vya kisigino. Fundi alitazama chini: soli ya kushoto imelika upande wa nje. 

Wakapita duka la rangi, wakapita shule. Hapo dobi akauliza, macho mbele:

"Siku ile ya harusi. Mlipotoka kwangu. Njiani alisema nini?"

 Hakuna aliyewahi kumuuliza Mzee Soli hilo.

"Ananusa vidole."

"Nini?"

"Si ulimweka akupakulie wageni kabla ya kukaa? Mchuzi ulimwagikia mkononi. Njia nzima alikuwa ananusa vidole. Hakuthubutu kuvilamba. Akasema, mdogo wangu kajua kupika. Akasema, tangu tuko watoto sijanusa kitu kama hiki."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Na akalia. Nikadhani analilia wakwe walivyomtazama. Akasema hapana, ninalilia nyama."

Dobi akatoa sauti. Ilianza kama kicheko, ikaishia pengine. Akajifuta uso kwa kiganja kizima, kama mtu anayefuta meza.

"Fisi," akasema. "Fisi wa watu." Kisha akamgeukia kwa hasira. "Na mbona hukuniambia, miaka yote hii?"

"Hukuuliza."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

Mbele, langoni kwa zahanati, walikuwa wameshaanza kukunja kamba ya kumalizia mbio. Muuguzi aliwaona, akawapigia wale watu kelele waiache kwanza. Watu wakageuka kuwatazama wazee wawili wanaokuja katikati ya barabara, mmoja ana kitambaa mgongoni, mwingine ana mkoba, na hakuna anayeonekana kuwa na haraka.

"Akasema nini tena?" dobi akauliza.

"Punguza mwendo," Mzee Soli akasema. "Nikumbuke."